Mtoto anapotaka kuwa mchekeshaji, msaidie kujisikiliza

Kicheko cha nyumbani kina upendo ndani yake. Mama akicheka na shangazi akicheka, mtoto huamini ameshaiva. Siku akipanda jukwaani kwenye mahafali ya shule, watu wakamtazama kimya, huteremka akiapa kutorudia tena.

Vijana wa Idodi, kwenye njia ya kutoka Iringa kwenda Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, huwaona kwenye simu wachekeshaji wa Cheka Tu ya Dar es Salaam na Churchill Show ya Kenya. Wasichokiona ni kazi ya kurudia. Jerry Seinfeld wa Marekani aliachana na vichekesho vyake vya zamani mwaka 1998, akaanza upya. Filamu ya Comedian ya mwaka 2002 inamwonyesha akijaribu vipya kwenye kumbi ndogo, hata kupotewa na maneno mbele ya watu.

Rekodi, kisha sikiliza

Simu ya kawaida inatosha. Mtoto arekodi sauti anapotumbuiza, asikilize kesho yake akiwa ametulia, na kalamu mkononi. Aweke alama kila watu walipocheka, na nyingine kila waliponyamaza.

Kwenye kila kimya ajiulize: Nimezunguka mno kabla ya kufika kwenye kichekesho? Nimeendelea kuongea wakati watu bado wanacheka? Wasikilizaji walijua ninachozungumzia?

Swali la mwisho lina uzito. Kisa cha tembo kuingia shambani usiku hakihitaji maelezo Idodi, kwani watu wanajua kukesha wakilinda mazao. Dar es Salaam atalazimika kueleza kwanza, kwa sentensi moja tu, kwamba shamba lipo jirani na hifadhi. Kichekesho si kibaya. Kimekosa mlango wa kuingilia.

Kisichosikika kwenye rekodi

Wahehe na Wangoni walipigana vita karne ya 19, na leo wajukuu wao ni watani. Mtani hutania hata msibani bila kuzua ugomvi. Lakini ruhusa hiyo ni ya mtani kwa mtani, haimfuati kila mtu jukwaani.

Mzaha wa Wahehe na kujinyonga, kwa mfano, umezoeleka nchini na huchekesha wengi. Miongoni mwa wasikilizaji huenda yupo aliyempoteza ndugu kwa njia hiyo. Rekodi itabeba kicheko cha ukumbi mzima. Haitabeba ukimya wa mtu mmoja aliyeinamisha kichwa.

Hapo ndipo mzazi anahitajika. Badala ya kukaa mbele na kucheka kuliko wote, akae pembeni na kutazama nyuso za watu. Anachokiona, mtoto aliye jukwaani hawezi kukiona, na simu haiwezi kukirekodi.

Namna ya kumwambia

Usimkosoe usiku uleule. Bado moyo unamdunda. Kesho yake anza kwa kumuuliza yeye mwenyewe ni wapi palilegea, kwa kuwa mara nyingi anajua. Kisha mwambie ulichokiona, jambo moja au mawili: "Ulipotaja msiba, yule mama wa mstari wa tatu aliacha kucheka."

Uamuzi wa kukitoa kichekesho au kukibadilisha mwachie. Akibadilisha, arekodi tena.