Damu Inapopoza Moto wa Tiba ya Tezi Dume

Mzee wa Lweba, huku Fizi, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, hamwambii jirani habari za mkojo wake. Huamka usiku mara nne au tano, akasimama nyuma ya nyumba akingoja matone, kisha akarudi kulala kimya. Watu husema ni uzee. Mara nyingi ni tezi dume, ambayo Wakongo wengi huiita prostati, iliyokua hadi kuubana mrija wa mkojo.

Tiba zipo: vidonge, upasuaji, na joto. Kwa tiba ya joto, daktari hupitisha mpira mwembamba katika njia ya mkojo hadi kwenye tezi, na ndani yake hutoka mawimbi kama ya oveni ya mikrowevu. Nyama ikizidi nyuzi 45 kwa muda wa kutosha hufa, mwili ukaiondoa polepole, na njia ikafunguka. Hii ni tiba ya uvimbe wa kawaida, si ya saratani.

Lakini wagonjwa wawili wakipewa moto uleule kwa dakika zilezile, mmoja hupona na mwenzake akabaki vilevile. Sababu mojawapo kubwa ni damu. Mkulima wa Fizi anajua: maji yaliyotuama shambani huwa vuguvugu adhuhuri, ilhali mto Mutambala, chini ya jua hilohilo, hubaki baridi kwa kuwa maji yake hayatulii. Tezi yenye damu nyingi ndiyo Mutambala: joto linachukuliwa kabla halijafanya kazi. Yenye damu kidogo huiva upesi, pengine kupita kiasi.

Madaktari wa Uswidi waliona kuwa kuhesabu dakika hakutoshi. Wakaweka vipimajoto ndani ya tezi yenyewe, wakawa wanapandisha na kushusha nguvu ya mashine kwa kadiri ya walichosoma. Wakajaribu pia kudunga ganzi yenye adrenalini: mishipa ikabanwa, damu ikapungua, tiba ikaisha mapema.

Basi, kwa kuwa joto lazima lifike ndani ya tezi, chupa ya maji ya moto tumboni itakutuliza tu. Haiwezi kuipunguza tezi. Na anayekunadia mashine ya joto, muulize anapimaje joto lililoko ndani. Mkojo ukigoma kabisa, baba, usingoje kukuche wala usione haya: wahi hospitali, Nundu au Baraka, uwekewe mpira. Mengine yatafuata.