Kibubu Ndani ya Paja la Kuku

Msomaji wa Singida anauliza kwa nini mtetea wake, mtagaji hodari, siku hizi anataga mayai laini, ukiligusa moja linabonyea kama puto la maji. Jirani kamwambia ni mkosi, amchinje. Asiwe na haraka. Na akimchinja, naomba mfupa wa paja asiutupe kabla hajauvunja.

Habari za jogoo na yai linakoanzia naziruka. Aliyekulia na kuku uani anazijua. Mimi nina hamu na usiku.

Ganda la yai (wengine huliita kaka, ila kwangu kaka ni lile lililokwisha kupasuka) lina kama gramu 2 za kalsiamu. Hujengwa kwa saa 20 hivi, na sehemu kubwa ya kazi hiyo huangukia usiku, kuku yuko kwenye kichanja, kafumba macho, hali kitu. Kalsiamu iliyomo katika damu yake yote haitoshi ujenzi wa nusu saa. Nyingine inatoka wapi?

Mifupani. Wiki mbili hivi kabla tembe hajataga yai la kwanza, homoni ya estrojeni huotesha ndani ya mifupa yake ya miguu mfupa mwingine, wa vijiti vijiti, unaochipua ukutani na kuingia kwenye uboho. Haubebi uzito wa maana. Umewekwa ili ubomolewe. Jogoo hana. Nimewahi kuilinganisha miwili jikoni: wa jogoo ndani ni uboho na ukuta laini, wa mtetea ulinikwaruza kidole kama sifongo kavu.

Tuuiteje? "Mfupa wa uboho" unanikumbusha supu. "Mfupa wa akiba" una harufu ya benki. Nimeng'ang'ania mfupa-kibubu, wala sioni aibu. Mfikirie mama muuza vitumbua: mchana anadumbukiza sarafu, usiku anafungua kibubu anunue mchele wa kuloweka, kesho anadumbukiza tena. Mtetea naye mchana anadonoa, mfupa unajaa. Usiku chembe hai maalumu zinaumwagia tindikali, madini yanayeyuka yakaingia kwenye damu, na robo ya kalsiamu ya ganda, pengine zaidi, inapatikana hapo. Lakini siku biashara ikidorora, kibubu kitupu na wateja wa alfajiri wanangoja, mama anafanyaje? Anaanza kung'oa bati za paa lake akauze. Ndivyo anavyofanya mtetea anayetaga mfululizo huku analishwa pumba tupu: anakula mifupa inayombeba, hadi miguu inamlegea. Yai laini ni taarifa ya mapema kwamba kibubu kinagonga chini.

Hesabu hii ni ya kale kuliko kuku. Mwaka 2005 mtafiti wa visukuku Mary Schweitzer na wenzake walieleza kwamba wameona mfupa wa namna hii ndani ya paja la dinosaria Tyrannosaurus rex aliyefukuliwa Montana, Marekani, wa miaka milioni 68 hivi iliyopita. Lile dude la kutisha, kumbe lilikuwa mtetea.

Mdondo nao huharibu maganda, na joto kali pia. Hayo aulizwe mtaalamu wa mifugo.

Kwa Singida, mbali na makombe ya pwani, maganda ya mayai ya jikoni yanafaa kukijaza kibubu. Yaanikwe yakauke, yatwangwe, kuku asije akatambua anachokula akajifunza kudonoa mayai yake. Ila yasiwe unga. Unga hupita haraka. Vipande vya ukubwa wa chenga za mchele hukaa kwenye firigisi vikiyeyuka polepole usiku kucha, na kibubu kinapumzika. Ampe mtagaji, si vifaranga. Ampe saa kumi na moja jioni, kabla hajapanda kichanja.