Maiti wa 95: Edith Pargeter na mtawa wake mpelelezi

Mwaka 1138 Mfalme Stephen wa Uingereza, aliyekuwa akigombea kiti cha enzi na binamu yake Matilda, aliizingira ngome ya Shrewsbury, karibu na mpaka wa Wales. Ilipoanguka, aliamuru walioilinda wanyongwe. Waliouawa walizidi 90.

Katika riwaya ya One Corpse Too Many (1979), mtawa Cadfael anajitolea kuwastiri na kuwazika watu hao. Ameambiwa ni 94. Anahesabu, anapata 95. Kuna aliyeua kwa siri, akamtupa marehemu wake miongoni mwa waliouawa kwa amri ya mfalme.

Hapo ndipo ninapouona ustadi wa Edith Pargeter, aliyeziandika riwaya hizi kwa jina la Ellis Peters. Hakuigeuza historia, aliipenyezea mtu mmoja tu. Kisha Cadfael anakataa katakata kwamba, kwa vile wamekufa wengi, kifo cha huyu mmoja hakina uzito. Sisi tuliotoka nchi ambazo wafu wa vita hutangazwa kwa idadi bila majina, ukaidi huo unatugusa.

Pargeter alizaliwa mwaka 1913 Horsehay, katika jimbo la Shropshire, ulipo mji wa Shrewsbury, na sehemu kubwa ya maisha yake aliishi huko. Chuo kikuu hakukanyaga. Alifanya kazi katika duka la dawa mjini Dawley, na elimu hiyo inaonekana wazi kwa Cadfael, askari mstaafu wa Vita vya Msalaba anayetunza bustani ya mitishamba ya abasia. Katika Monk's-Hood (1980), mafuta ya kuchua aliyoyatengeneza kwa mkono wake yanatiwa kwenye chakula, na mtu anakufa. Dawa ya nje, sumu ya ndani: mwandishi aliyewahi kusimama nyuma ya kaunta ya dawa aliijua vyema tofauti hiyo.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alitumikia jeshi la majini, baadaye akajifunza Kicheki na kutafsiri fasihi ya lugha hiyo. Cadfael alimtoa akiwa na zaidi ya miaka 60, mwaka 1977. Zikafuata riwaya nyingine hadi zikatimia 20, ya mwisho ikitoka mwaka 1994. Alifariki mwaka uliofuata.

Anayetaka kumsoma, ningemshauri aanze na hiyo ya maiti 95, ingawa ni ya pili. Ndiyo inayomkutanisha Cadfael na Hugh Beringar, kijana ambaye kwa kurasa nyingi hujui kama ni rafiki au adui.