Maswali ya tafakuri

Maswali ya tafakuri ni maswali yanayomfanya mwanafunzi achunguze jinsi alivyofikiri, badala ya kutaja jibu tu. Mifano yake ni "Umejuaje?", "Umeanzia wapi?" na "Ungemweleza vipi mwenzako asiyekubali?"

Mbinu hii ni ya kale. Katika kitabu cha Plato kiitwacho Meno, Sokrates anamwuliza kijana mtumwa namna ya kuchora mraba wenye eneo maradufu. Kijana anajibu kwamba kila upande urefushwe mara mbili. Akiendelea kuulizwa, anagundua mwenyewe kuwa eneo litakuwa mara nne. Mwaka 1945 mwanahisabati George Pólya aliandika kwamba hatua ya mwisho ya kutatua swali ni kulirudia jibu na kulikagua.

Chukua mwanafunzi aliyeandika 1/2 + 1/3 = 2/5. Mwalimu akitia alama ya kosa na kuandika 5/6 ubaoni, mwanafunzi atanakili, na kesho atakosea vilevile. Afadhali amwulize: "2/5 ni kubwa au ndogo kuliko nusu?" Ni ndogo. "Ulikuwa na nusu, ukaongeza; imekuwaje ikapungua?" Hapo mwanafunzi ana sababu yake mwenyewe ya kuitilia shaka njia ya kujumlisha juu kwa juu na chini kwa chini.

Baada ya kuuliza, mwalimu anapaswa kunyamaza, na hilo ni gumu kuliko kuuliza. Katika miaka ya 1970 mtafiti Mmarekani Mary Budd Rowe alionyesha kwamba walimu wengi hungoja takriban sekunde 1 tu. Walipongoja sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka na wanafunzi wengi zaidi walijitolea kujibu.

Wanafunzi wengi wamezoea kuulizwa "Kwa nini?" pale tu wanapokosea, hivyo wakiulizwa hufuta haraka hata jibu sahihi. Kwa hiyo swali hilo liulizwe pia kwa aliyepata. Darasa likiwa kubwa, wanafunzi huweza kuulizana wawiliwawili, au kuandika daftarini sentensi moja kuhusu walipokwama.

Si kila jambo linahitaji tafakuri: tarehe na majina hukaririwa tu. Vilevile "Huoni kwamba umesahau kutafuta asili ya pamoja?" si swali la tafakuri, bali ni jibu lililowekewa alama ya kuuliza.