Pasipoti za Familia Kosele

Familia ya Kosele, karibu na Oyugis, huanza ombi la pasipoti kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya: fomu hujazwa, ada hulipwa, miadi huchaguliwa. Kila mtu huhitaji pasipoti yake, hata mtoto mchanga. Mwombaji hufika mwenyewe katika ofisi ya uhamiaji, kama ile ya Kisumu, kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole.

Mtu mzima hubeba kitambulisho na cheti cha kuzaliwa. Mtoto huhitaji cheti chake, vitambulisho vya wazazi na idhini yao. Anayebadilisha pasipoti hupeleka ya zamani. Jina lililoandikwa Atieno kwenye cheti na Achieng kwenye kitambulisho hukwamisha ombi. Jina hilo lisahihishwe kabla ya kulipa.