Sura ya Tano: Gharama ya Kitu Kilichokaa Bure

Kitu kisichotumika huonekana kutomgharimu mwenyewe chochote, kwa kuwa bei yake ililipwa zamani. Wanauchumi huhesabu vinginevyo, kwani kila kinachohifadhiwa huwa na gharama mbadala, yaani thamani ya manufaa ambayo mwenyewe huyakosa kwa kutokiuza, kutokikodisha au kutokitoa. Cherehani iliyofunikwa kitambaa sebuleni kwa miaka kadhaa huchukua nafasi, mafuta yake huganda, mkanda wake hukakamaa na bei yake hushuka, ilhali fundi wa mtaa huohuo huenda anashona kwa mashine ya kukodi. Wahenga waliosema kwamba akiba haiozi hawakuwa na cherehani ya namna hiyo akilini.

Ikiwa hasara iko wazi hivyo, kwa nini watu huona uzito kuachana na vitu? Mwaka 1980 mwanauchumi wa Marekani, Richard Thaler, alieleza athari ya umiliki, ambayo ni tabia ya mtu kukithamini kitu zaidi kwa sababu tu ni chake. Katika majaribio aliyoyachapisha mwaka 1990 pamoja na Daniel Kahneman na Jack Knetsch, wanafunzi waliopewa vikombe walidai, ili waviuze, takribani mara mbili ya bei ambayo wenzao wasio navyo walikuwa tayari kulipa, ingawa vikombe vilikuwa vilevile na vilikuwa vimegawiwa muda mfupi tu kabla. Watafiti hao waliihusisha tabia hiyo na woga wa hasara, uliofafanuliwa na Kahneman na Amos Tversky mwaka 1979, kwamba uchungu wa kupoteza huzidi furaha ya kupata kiasi hichohicho. Huongezeka hapo mvuto wa gharama zilizozama, yaani fedha zilizokwisha kutumika na zisizoweza kurudi, ambazo mwenye kitu huendelea kuzililia kana kwamba kukishikilia kutazirejesha.

Kipimo kinachofaa, basi, si bei ya zamani, bali ni kujiuliza kama kitu hicho kingenunuliwa tena leo iwapo kisingekuwapo nyumbani, na kwa kiasi gani. Kipimo hiki hakihusu vifaa vya tahadhari, kama vile kizimamoto na sanduku la huduma ya kwanza, kwa sababu kazi ya vifaa hivyo ni kuwa tayari, na kutotumika kwake ni heri.

Wala kupunguza vitu si lazima kumaanishe kukosa huduma yake. Katika miji na vijiji vingi vya Tanzania na Kenya, vikundi vya akina mama na vya kusaidiana humiliki kwa pamoja viti, maturubai na masufuria makubwa, vikaviazima au kuvikodisha kwa wanachama wenye harusi au msiba, kiasi kwamba sufuria ambalo nyumba moja ingelihitaji mara chache sana hupikiwa karibu kila wiki. Kwa hiyo anayetaka kurahisisha maisha yake na akipeleke kitu mahali kitakapotumika, tena kingali kizima, kwa maana kukitoa kikiwa kimekwisha kuharibika ni kumhamishia mwingine mzigo wa kukitupa.