Kumtafiti Euphrase Kezilahabi: Maisha, Marufuku na Athari ya Mwandishi wa Ukerewe

1.0 Utangulizi

Igoma ni eneo lililoko upande wa mashariki wa Jiji la Mwanza, kando ya barabara iendayo Magu, Bunda na hatimaye Musoma. Msafiri wa nchi kavu aendaye Ukerewe hupita hapo, hufika Bunda, hukata kuelekea Kisorya, kisha huvuka kwa kivuko hadi Rugezi. Hapo Igoma pia ndipo yalipo makaburi ya baadhi ya abiria waliokufa katika ajali ya meli ya MV Bukoba, tarehe 21 Mei 1996. Kwa wakazi wa ukanda huu, basi, ziwa si mandhari ya kupamba hadithi. Ziwa ni njia ya kwenda shuleni, sokoni na hospitalini, na mara nyingine ni kaburi.

Ni katika mazingira hayo ndipo alipokulia Euphrase Kezilahabi, na ni humo ndimo ilimozaliwa Rosa Mistika, riwaya iliyochapishwa mwaka 1971 na East African Literature Bureau, ikapigwa marufuku kutumika shuleni, na baadaye ikaingizwa katika orodha ya vitabu vya kufundishia fasihi. Watu wengi wanaijua riwaya hiyo kwa sifa yake kuliko kwa kuisoma. Mhadhara huu unakusudia kueleza namna maisha na athari ya mwandishi wa aina hiyo yanavyopasa kutafitiwa, ili kelele za marufuku zisije zikaimeza kazi yenyewe.

2.0 Maisha: Yaliyo Katika Kumbukumbu

Kezilahabi alizaliwa tarehe 13 Aprili 1944 katika kijiji cha Namagondo, Ukerewe. Lugha yake ya kwanza ilikuwa Kikerewe. Elimu yake ya sekondari aliipata katika Seminari ya Nyegezi, Mwanza, shule ya Kikatoliki iliyokuwa ikiandaa vijana kwa ajili ya upadre. Hakuwa padre. Alijiunga na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akahitimu shahada ya kwanza mwaka 1970, akafundisha shule kwa muda, kisha akarejea chuoni na kupata shahada ya uzamili mwaka 1976 kwa tasnifu iliyohusu riwaya za Shaaban Robert. Shahada ya uzamivu aliipata mwaka 1985 katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, kwa tasnifu iliyohusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Katika miaka ya 1990 alihamia Botswana, akafundisha katika Chuo Kikuu cha nchi hiyo. Alifariki dunia tarehe 9 Januari 2020 jijini Dar es Salaam.

Muhtasari huo unaonyesha jambo moja ambalo wahakiki wa haraka hulisahau. Rosa Mistika ni kazi ya kijana wa umri wa takriban miaka 27, aliyetoka moja kwa moja katika malezi ya kanisa na shule za bweni. Aliyoyaandika kuhusu wanafunzi, walimu na dini hayakuwa mambo aliyoyatazama kwa mbali.

Hata hivyo, hapo ndipo mtego wa kwanza ulipo. Kijiji cha Rosa katika riwaya ni Namagondo, kijiji cha mwandishi mwenyewe. Kutokana na ulingano huo, ni rahisi mtafiti kwenda Namagondo akiuliza nyumba ya Zakaria ilikuwa wapi na Rosa alikuwa binti wa nani. Maswali ya namna hiyo huwadhuru watu walio hai, kwani huwapachika aibu ya mhusika wa kubuni. Jina la mahali halithibitishi tukio. Mwandishi aliazima kijiji ili msomaji aamini kwamba mkasa huu ungeweza kutokea popote penye baba, binti na shule ya mbali. Kinachotafutwa Namagondo ni hali za maisha zilizoizaa hadithi: njia ya kwenda shule, nafasi ya binti katika ukoo, na sauti ya kanisa katika maisha ya kila siku.

3.0 Kiini cha Ubishi

Rosa ni binti wa Zakaria na Regina. Zakaria, aliyepata kuwa mwalimu, ni mlevi. Lakini kwa mabinti zake ni mkali mno. Barua moja kutoka kwa kijana aitwaye Charles inatosha kumfanya ampige Rosa bila huruma. Binti aliyelelewa kwa fimbo, asiyefundishwa lolote kuhusu wavulana isipokuwa kuwaogopa, anavushwa ziwa kwenda kusoma Mwanza katika shule ya wasichana inayoongozwa na masista. Baadaye anaingia chuo cha ualimu Morogoro, ambako mkuu wa chuo mwenyewe ni miongoni mwa wanaume wanaomtumia. Mimba inatolewa. Charles anarudi katika maisha yake, wanapanga ndoa, naye anamwacha baada ya kugundua kwamba si bikira. Rosa anajiua.

Jina la riwaya lenyewe lina uchungu. Rosa Mistika, yaani waridi la fumbo, ni sifa mojawapo anayoitiwa Bikira Maria katika litania ya Kikatoliki. Msomaji aliyelelewa katika ibada hizo aliliona jina takatifu likivishwa msichana ambaye jamii ilikwisha kumhukumu. Kwa wengine ilikuwa kufuru. Kwa wengine ilikuwa ombi la huruma. Riwaya haiamui kwa niaba ya msomaji. Mwishoni inawafikisha baba na binti mbele ya hukumu ya Mungu, na swali la nani mwenye kosa linabaki mikononi mwa msomaji.

Wapinzani wa kitabu hiki hawakubishana na mafunzo yake pekee. Walibishana na uwazi wake. Fasihi ya maadili ya Kiswahili ilikwisha kuwa na mazoea ya kuonya vijana dhidi ya uasherati, lakini ilionya kwa mafumbo, na mara nyingi lawama ilimwangukia msichana. Kezilahabi aliyataja mambo kwa majina yake, akawaweka pia kwenye kizimba mzazi, mwalimu na mchumba.

4.0 Kulichunguza Neno "Marufuku"

Neno marufuku hutumiwa kwa maana nyingi, na mtafiti hana budi kuzitenga. Kitabu kinaweza kuzuiwa kuingia nchini au kuuzwa. Kinaweza kuondolewa katika shule tu, huku maduka yakiendelea kukiuza. Kinaweza kukosa kuteuliwa katika mtaala bila kukatazwa. Na kinaweza kufichwa na mkutubi au mwalimu mkuu mmoja kwa uamuzi wake. Marufuku ya Rosa Mistika ilihusu shule. Anayeandika kwamba kitabu "kilipigwa marufuku Tanzania" bila kufafanua, anakuza jambo na kupoteza sehemu yake muhimu, kwamba waliozuiwa walikuwa wale hasa ambao hadithi iliwahusu: wanafunzi.

Ushahidi wa jambo kama hili una ngazi. Ngazi ya kwanza ni nyaraka: waraka wa wizara, orodha za vitabu teule kwa kila mwaka, daftari la maktaba ya shule. Ya pili ni maandishi ya wakati huo, kama vile uhakiki na barua za wasomaji magazetini. Ya tatu ni kumbukumbu za watu. Hizi za mwisho ndizo zinazotoweka upesi. Mwanafunzi aliyekuwa na umri wa miaka 18 mwaka 1971 sasa amevuka miaka 70. Walimu wake wengi wamekwisha kuondoka duniani.

Kwa hiyo, mtafiti anayeanzia kazi yake Igoma hahitaji kusubiri ruhusa ya kuingia katika hifadhi za nyaraka Dar es Salaam. Katika mitaa ya namna hiyo, pembezoni mwa jiji, wanaishi walimu wastaafu na wazee waliotoka visiwani na wilaya za jirani. Waulizwe maswali mahususi: kitabu walikipata kwa nani, walikisomea wapi, nani aliwakataza na kwa maneno gani, na walielewa nini walipofika mwisho. Swali la jumla, kama vile "Je, kitabu kilikuwa kibaya?", huzaa jibu la jumla. Aidha, wanawake waulizwe na mtafiti mwanamke panapowezekana, na majina yao yahifadhiwe, maana baadhi watasimulia habari zao wenyewe chini ya kivuli cha Rosa. Kumbukumbu yoyote ilinganishwe na nyingine kabla ya kuandikwa kuwa ni tukio.

5.0 Zaidi ya Kitabu Kimoja

Kosa la pili la utafiti ni kuufunga ubishi wote katika Rosa Mistika. Mwaka 1974 zilitoka kazi mbili: riwaya ya Kichwamaji, inayomfuata msomi Kazimoto hadi kujiua kwake, na diwani ya Kichomi. Mwaka 1975 ikafuata Dunia Uwanja wa Fujo, na mwaka 1979 Gamba la Nyoka, zote mbili zikiigusa siasa ya ujamaa na vijiji. Tamthilia ya Kaptula la Marx, inayoikejeli siasa hiyo waziwazi, iliandikwa mwishoni mwa miaka ya 1970 lakini ilichapishwa mwaka 1999. Pengo hilo la takriban miaka 20 linastahili kutafitiwa sawasawa na marufuku, kwani kimya cha wachapishaji nacho ni aina ya hukumu.

Kichomi kilizusha ubishi wa namna nyingine. Tangu Kaluta Amri Abedi alipochapisha Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri mwaka 1954, vina na mizani vilishikiliwa na wengi kuwa ndiyo mipaka ya ushairi wa Kiswahili. Kezilahabi aliandika mashairi yasiyofuata mipaka hiyo na akautetea uamuzi wake kwa hoja ya kuusogeza ushairi karibu na lugha ya watu. Mulokozi na Kahigi waliunga mkono upanuzi wa dhana ya ushairi; wanamapokeo waliona kwamba wageni wa lugha wanabomoa nyumba wasiyoijenga. Chini ya mjadala wa vina kulikuwa na swali la isimujamii: Je, msemaji wa Kikerewe aliyejifunza Kiswahili shuleni ana haki gani ya kuamua sura ya fasihi ya lugha hiyo? Historia imejibu kwa vitendo. Ushairi huru sasa hufundishwa pamoja na ule wa kimapokeo, na haukuuondoa.

Hapa kulinganisha kunasaidia. Ukerewe hiyohiyo ilimtoa Aniceti Kitereza, aliyemaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe kisa cha Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Kitabu hicho kilitoka kwa Kiswahili mwaka 1980, mwaka mmoja kabla ya kifo chake. Kitereza alihifadhi ulimwengu wa ndoa na uzazi kabla ya kuvurugika. Kezilahabi alimwandika binti aliyeukuta ulimwengu huo umekwisha kuvurugika. Mtafiti anayewasoma pamoja ataona kwamba Rosa Mistika haikuzuka kwa kuiga Ulaya peke yake.

6.0 Kuipima Athari

Athari haithibitishwi kwa kufuatana kwa tarehe. Nagona (1990) na Mzingile (1991) ziliacha njia ya uhalisia na kuingia katika fumbo, ndoto na visasili. Baadaye zilitoka Ziraili na Zirani ya William Mkufya (1999), Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed (2001) na Bina-Adamu! ya Kyallo Wamitila (2002), ambazo nazo zinavunja mipaka ya uhalisia. Anayedai kwamba Kezilahabi aliziathiri anapaswa kuonyesha zaidi ya mfanano: kauli za waandishi wenyewe, mwangwi wa kimuundo, au ushahidi kwamba vitabu vile vilisomwa na kujadiliwa mahali walipokuwa. Vinginevyo inatosha kusema kwamba alifungua mlango ambao wengine nao waliupita.

Tafsiri ni kipimo kingine. Mashairi yake teule yalitafsiriwa kwa Kiingereza na Annmarie Drury mwaka 2015, na Rosa Mistika ikatafsiriwa na Jay Boss Rubin mwaka 2025. Riwaya ilikaa zaidi ya miaka 50 kabla ya kuvuka lugha kwa njia hiyo, ingawa ndani ya Afrika Mashariki ilikwisha kuwa mali ya vizazi kadhaa.

Kipimo kigumu zaidi ni wasomaji vijana. Ni Novemba 2021 tu ambapo serikali ya Tanzania ilitangaza kuwaruhusu wasichana waliokatishwa masomo kwa sababu ya ujauzito warejee katika shule za mfumo rasmi. Na mnamo Februari 2023 Wizara ya Elimu ilivipiga marufuku shuleni vitabu 16, vikiwamo vya mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid wa Jeff Kinney, kwa hoja ya kulinda mila na maadili. Vitabu hivyo havifanani na Rosa Mistika, lakini swali ni lilelile la mwaka 1971: Je, kijana hulindwa kwa kunyimwa habari, au kwa kusoma pamoja na mtu mzima asiyeogopa maswali yake?

7.0 Hitimisho

Zakaria alimlinda Rosa kwa fimbo na ukimya, na ulinzi huo ndio uliomwacha bila silaha. Waliokizuia kitabu shuleni walitumia mbinu ya Zakaria bila kujua. Haimaanishi kwamba kila kitabu kinafaa kila umri. Mwalimu ana wajibu wa kuchagua. Inamaanisha kwamba uamuzi wa kuzuia unapaswa kuandikwa, kutolewa sababu na kuhifadhiwa, ili vizazi vijavyo viupime.

Kazi iliyobaki haihitaji fedha nyingi. Inahitaji wanafunzi wenye daftari na subira, watakaokaa na wazee wa Igoma, Nyegezi na Nansio, wakaandika kilichosomwa kwa siri na kilichoeleweka. Mwandishi hawezi kuulizwa tena. Wasomaji wake wa kwanza bado wanaweza, lakini si kwa muda mrefu.